Mkono wa Kushoto wa Sajini Halloran

Mimi nilikuwa fundi wa silaha katika kambi ya mafunzo kule bonde la Hunter, na Sajini Vern Halloran alikuwa mwalimu wa bunduki. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha bunduki moja tu, ile ndefu ya kitako cha mbao. Hakuwa na mke wala mbwa. Jumapili, wenzake wakienda kwenye kriketi, yeye alikuja ghalani kwangu na pai ya nyama, akakaa kunitazama nikipaka vyuma mafuta. Maisha yake yote yalikuwa pale ubaoni, mbele ya makuruta.

Kisha zikaja bunduki mpya, fupi, za plastiki ya kijani. Wakubwa wa mjini walidhani bunduki ni bunduki tu: unampokonya askari moja, unampa nyingine, unakwenda zako kunywa chai. Wapuuzi wale! Mifuko yote ya mikanda ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha magazini za zamani, yale makasha ya risasi. Rafu zangu zilikuwa zimechongwa kwa mitutu ya zamani. Hata askari anayesimama zamu kwenye mnara wa waliokufa vitani, alfajiri ya siku yao ya kumbukumbu kila Aprili, akiwa ameelekeza mtutu chini na kuegemea kitako, sasa ilimbidi ainame kama anayetafuta kifungo kilichodondoka. Mambo hayo niliyashughulikia moja moja, nikitukana.

Lililonishinda ni mikono. Bunduki ya zamani magazini yake ilikaa mbele ya triga. Hii mpya inakaa nyuma, ndani ya kitako, karibu na kwapa la mpigaji. Ikatoka amri kila mwalimu apimwe, abadili magazini kwa sekunde tano, na atakayeshindwa apelekwe stoo ya mablanketi.

"Fundi," Vern aliniambia, "wakinipeleka kwenye mablanketi nakufa. Sikutanii."

Mara ya kwanza alipojaribu, mkono wake wa kushoto ulikwenda mbele ya triga, ukapinda vidole, ukavuta hewa. Tulicheka sana. Akajifua wiki tatu, na siku ya mtihani akatumia sekunde nne. Nikamnunulia bia, nikadhani yamekwisha.

Februari wakaja makuruta wapya thelathini, watoto wa mashambani na wa mijini. Hakuna aliyewahi kuishika bunduki ndefu. Zetu zote nilikwisha kuzipakia kwenye treni mwenyewe zikayeyushwe. Nikaenda uwanja wa shabaha kuona vyuma vyangu vipya vikifanya kazi. Ilikuwa saa sita mchana, jua linachoma, nzi wamejaa usoni, kangaruu wamelala kivulini mwa mikaratusi.

"Badili magazini!" Vern akapaza sauti.

Mikono thelathini ya kushoto ikaenda mbele. Ikapinda vidole hewani, ikavuta, yote kwa pamoja, kisha ikarudi nyuma kwenye kitako na kufanya kazi yake. Hakuna aliyekosea wala aliyechelewa kuliko mwenzake. Nywele zilinisimama.

Nilimwita mmoja wao, Gavan Petty, mtoto wa mkata manyoya ya kondoo kutoka mji wa Dubbo.

"We kijana, mkono wako ulikwenda kufanya nini pale mbele?"

"Mkono upi, Fundi?"

"Huo wa kushoto. Kabla ya kugusa magazini."

Akautazama mkono wake, akanitazama mimi. "Haukwenda popote. Umekunywa nini leo, Fundi?"

Kapteni Dunstan, mkuu wetu, naye alikuwa ameona. Alinivuta pembeni. "Sekunde mbili zinapotea, Fundi, na sekunde mbili ni roho ya mtu. Ijumaa ya wiki ijayo narudi. Wakirudia, Halloran anakwenda kwenye mablanketi."

Kesho yake nikakaa nyuma ya darasa. Vern alifundisha vizuri kama kawaida. Maneno yake yalikuwa sahihi kabisa: nyuma, kwenye kitako, bonyeza, toa. Lakini kila alipotamka neno magazini, mkono wake wa kushoto, usioshika kitu, ulipanda kidogo usawa wa mkanda, ukapinda vidole, ukavuta. Makuruta hawakuwa wakiutazama. Walikuwa wakimtazama usoni. Hata hivyo walikuwa wameuiga.

Nilimwambia wakati wa chai.

"Vern, ni wewe. Mdomo wako unasema nyuma, mkono unasema mbele."

"Acha uchuro wako."

"Hata sasa unafanya."

Akatazama chini. Kati ya kikombe na kopo la biskuti, mkono wake ulikuwa unapinda na kuvuta, polepole. Akaukandamiza kwa mkono wa kulia, na chini ya ule wa kulia ukaendelea. Rangi ilimtoka usoni.

"Koplo Ambler," akasema, "yule aliyenifundisha mimi. Kabla ya kufyatua alikuwa akipiga hewa kwa kiganja cha kulia, kofi dogo la kwenda juu. Kundi letu zima tulipiga. Tulidhani ndio mtindo wa kikosi."

"Huo ni mtindo wa bunduki zile za vita vya baba zetu, za kukoki kwa kiganja."

"Mimi sijawahi kuigusa bunduki hiyo, Fundi. Hata siku moja."

Niliogopa, sioni haya kusema. Nilitamani kuondoka mle chumbani.

"Nifunge," Vern akasema.

Siku nne nilimfunga mikono nyuma kila asubuhi kwa mkanda wa bunduki, na siku nne alifundisha akiwa ameupa ukuta mgongo. Makuruta walifurahi mno.

"Sajini kakamatwa!"

"Kaiba pai!"

"Nyamazeni, mbwa nyie," alisema, "sikilizeni maneno yangu tu." Wakasikiliza.

Ijumaa Kapteni alikuja na saa yake. Vern alisimama mbele ya mstari, mikono imefungwa nyuma, amefumba macho, kijasho chembamba kikimtoka. Nilisimama kando yake.

"Badili magazini!"

Mikono thelathini ikaenda nyuma moja kwa moja. Hakuna hata mmoja uliogusa hewa. Kapteni akaitazama saa, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Abaki," kisha akaondoka.

"Vipi?" Vern akanong'ona, macho bado amefumba.

"Wote, Vern. Wote thelathini. Unabaki."

Akacheka, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya makuruta, wala hakujali. "Nifungue basi, Fundi, nijifute."

Nikaenda nyuma yake. Mkono wa kushoto, ndani ya mkanda, ulikuwa unapinda na kuvuta, unapinda na kuvuta. Mkanda ulikuwa umemchuna ngozi hadi damu, naye hakuwa na habari. Niliushika. Ulikuwa wa baridi katika jua lile, na vidole vyake vikaanza kuvuta kidole changu.

"Mbona hufungui?" akauliza.

"Fundo limekaza," nikamwambia. "Subiri kidogo."