Afande Aliyejua Mtaro Wangu

Chekeni tu, nishazoea. Nilikuwa naomba nafasi ya uofisa jeshini. Kwenye fomu, walipouliza kuhusu pombe na bangi, niliandika: sijawahi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha mwaka mmoja tu uliopita.

Chumba cha mahojiano kilikuwa kimya kama kaburi. Afande alinitazama bila kupepesa macho.

"Hata kule vilabuni Ngara?" akauliza polepole.

Nikatikisa kichwa.

"Hata ile wiki ulilala mtaroni ukiongea na marehemu babako?"

Nywele zikanisimama. Hakuna aliyeniona mtaroni! Nikageuka nyuma, nikidhani baba amesimama mlangoni.

"Sijawahi hata kuonja, afande."

Akanisukumia barua. Ilikuwa ya pasta wangu wa Kinoo, ya kunipendekeza, niliyoileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwa gundi. Ndani pasta alisifu vile Bwana alivyoniokoa, akanakili ushuhuda wangu wote wa kanisani. Kwenye ushuhuda huo, siku moja ya mtaro nilikuwa nimeifanya wiki nzima, ndio akina mama walie.

"Kijana," afande akanong'ona, "ulidanganya hapa ama kanisani?"

"Kote kote, afande."