Chuma cha Korbinian Zettl

Msimwone Korbinian Zettl alivyokonda mkadhani alizaliwa hivyo. Kabla ya vita, nani Munich hakumjua? Mchana kutwa alibeba mapipa ya bia kiwandani, jioni akaenda klabu ya wanyanyua vyuma, nyuma ya baa, na huko akashindana na yeyote aliyejiona mwanamume. Mwaka 1911 aliwashinda wote. Jina lake likaandikwa ukutani kwa rangi ya dhahabu.

Kisha vita, vita mbwa vile! Gesi ya sumu ilimkuta handakini ikamla mapafu. Alirudi akihema hata akifunga viatu.

Kiwanda nacho hakikubadilisha sharti lake: hachukuliwi mbeba mapipa mpaka siku ya sherehe ya klabu anyanyue chuma chao kikubwa, kilo mia na kumi, mbele ya msimamizi. Nyumbani, watoto watatu walikuwa wakila maganda ya viazi.

"Korbi, achana nacho, utafia pale," alilia Walburga, mkewe.

"Na nikikiacha, mama, tutakula nini? Jina langu la ukutani?"

Chuma kile kilikuwa na mpira mkubwa kila ncha, wenye uwazi ndani, uliojazwa punje za risasi kuongeza uzito. Mtunzaji wake alikuwa Xaver Loibl, rafiki yake Korbinian tangu utotoni. Asubuhi ya sherehe, Xaver alijifungia klabuni peke yake, akafungua vizibo na kumwaga punje zote. Masikini, alifanya kwa mapenzi.

Ukumbi ulifurika. "Haya, Zettl, tuonyeshe kazi!" watu walipiga kelele. "Au mke ndiye anayebeba siku hizi?"

Korbinian aliinama, akashika. Chuma kikafika magotini, kikafika kifuani. Hapo pumzi ikakatika. Alitetemeka, macho yakamtoka, mikono ikaachia.

Chuma kikaanguka na kulia kama debe tupu.

Loo! Humo ndani hakuna asiyejua mlio wa chuma kilichojaa. Kicheko kikakauka midomoni. Wengine wakainamia bilauri zao.

Korbinian alipiga magoti akikohoa. Alimtazama Xaver, ambaye alikuwa akilia waziwazi.

"Ungeniacha nishindwe na kile kizima, ndugu yangu," alisema.

Msimamizi akaamuru mipira ijazwe tena, akaita jina la pili kwenye orodha ya waliotaka kazi.