Maksai wa Baba Wanangoja Wimbo

Leo maksai wawili wa marehemu baba wamenigomea shambani. Na wana haki.

Nimekuja Bariadi kumsaidia mama kulima shamba la pamba. Nimewafunga nira vizuri, plau iko sawa. Nikapiga mluzi, nikafoka, nikawachapa.

Wapi! Wamesimama wananitazama tu.

Mama akacheka. "Ng'wanawane, mwanangu, wanangoja wimbo. Baba yako hakuwachapa, aliwaimbia."

Nikawawashia muziki kwenye simu. (Msinicheke.) Mmoja akakojoa.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja huku, baba aliuza vizuri, akatununulia redio kaseti. Jioni akaanza kutuimbia kama kawaida yake. Nikamwambia, "Baba, si tuna redio sasa?"

Akanyamaza. Nilidhani ni uchovu, maana alikuwa shambani tangu alfajiri.

Leo nimemuuliza mama huo wimbo unakwendaje.

"Niliusikia kwa mbali tu. Nyumbani hakuimba tena."

Jamani majirani, aliyewahi kupita shambani kwetu akamsikia, anitumie hata mstari mmoja. Ng'ombe wanaujua wimbo mzima.

Mimi mwanawe ndiye niliyemnyamazisha.