Timu Yangu Inashinda Nisipokuwepo

Admin, nifichie jina, maana wachezaji wangu wengi wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, nina mke na binti mmoja, naishi Chanika. Ni kocha mkuu wa timu ya mpira ya chuo kimoja huku Temeke, kazi niliyoianza nikiwa bado na nywele kichwani. Kazi nyingine siijui.

Mnaoujua mpira wetu mnajua habari za getini. Timu nyingi siku ya mechi hazipiti geti la uwanja, zinaruka ukuta, kwa kuogopa vitu vilivyofukiwa pale. Mimi upuuzi huo niliukataa tangu mwanzo. Wachezaji wangu walipita getini kama watu wenye akili zao, tena mimi nikiwa mbele. Nilijivunia hilo kuliko kombe lolote, na makombe yenyewe sina.

Mwaka jana tulipoteza fainali kwa penati. Wachezaji wakaenda kwa mtaalamu, yaani mganga, bila mimi kujua. Akawaambia timu haina tatizo, mwenye gundu ni kocha, kwa sababu kila kilichofukiwa kwenye mageti ya mji huu amekikanyaga yeye.

Nahodha ndiye aliyetumwa kuniambia. Mtoto ana adabu, hata usoni hakunitazama. "Shikamoo, kocha. Usituelewe vibaya, sie tunakupenda. Ila siku ya mechi ungebaki nje tu."

Nilicheka, nikaenda kumshtakia mkuu wa michezo wa chuo, msomi mwenye shahada zake. Akasema nijaribu mechi moja ili vijana watulie kisaikolojia.

Basi nikakaa nje ya ukuta, kwenye benchi la muuza chipsi, nasikiliza kelele. Tukashinda. Bao lilitokana na kona fupi niliyowafundisha wiki nzima mpaka sauti ikanikauka. Tangu hapo hatujafungwa, na mimi sijaingia uwanjani siku ya mechi. Jamani, naumia. Nikiwanoa vizuri wanashinda, na kila wakishinda watu wanazidi kuamini mkosi ni mimi. Nikiwafundisha ovyo watafungwa, nami nitafukuzwa kazi.

Hilo ningelivumilia, lakini maneno yakafika mpaka nyumbani. Mke wangu akaanza kuhakikisha kila asubuhi ametoka yeye kabla yangu, asije akapita nilipokanyaga.

Wiki iliyopita binti yetu alishikwa na uchungu. Nikavaa viatu haraka. Mke wangu akasimama mlangoni na kikapu cha kanga, akaniambia, "Baba Neema, wewe bakia kwanza. Ile mara ya kwanza si ulimpeleka wewe?"

Mimba ya kwanza ya Neema iliharibika, na ni kweli hospitali nilimpeleka mimi. Nikavua viatu.

Mchana mke wangu akapiga simu. Mtoto wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Nililia kwa furaha peke yangu sebuleni, nikasema nakuja sasa hivi. Mke wangu akasema kwa upole, "Si unaona mwenyewe lakini?" Binti yangu akachukua simu, nikajua huyu atanitetea. Akasema, "Baba, subiri kwanza mtoto atoke arobaini."

Fainali ni Jumamosi. Nimewaandaa kuliko miaka yote na najua watashinda, nami nitakuwa kwa muuza chipsi. Lakini kilichonifanya niandike ni cha jana. Nilifika chuoni kwa mazoezi, nikasimama mbele ya geti, mguu ukagoma. Nikazunguka nyuma, nikaingilia pale ukuta ulipobomoka. Hakuna aliyenituma.

Ndugu zangu, nipeni mawazo, nifanye nini? Na hiyo arobaini ikiisha, nitampakata vipi mjukuu wangu wakati sasa hata mimi najiogopa?