Kibanda cha Juu na Mbuzi wa Bwera

Wapanda milima ninaowaongoza kutoka Kilembe ni wa aina mbili. Wapo wanaopanda kwa msafara: wapagazi wengi, mpishi, mahema, na kuku wa kuchinjwa njiani. Na wapo wale wenye sifa, ambao picha zao huwekwa kwenye majarida, waliofika vilele vikubwa vya Asia bila hewa ya mitungi. Hao hupanda wepesi: mkoba mmoja, kamba moja, kiongozi mmoja. Siwapendi sana. Wasichobeba wao, kwa kawaida kuna mtu atakilipia.

Mwaka huu nilipewa mmoja wao. Alikuwa Mzungu aliyekaa Moshi muda mrefu, Kiswahili chake safi kuliko changu, na kila nikifungua mdomo alinisikiliza kama mwalimu anayesahihisha. Tulivuka matope ya bondeni, mimi na gambuti zangu za mpira, yeye na viatu vya bei kubwa vilivyojaa maji. Hakulalamika, nami nilifurahi kimoyomoyo. Nilitaka tupande, tushuke, niwahi Jumamosi nyumbani Bwera, kwa sababu siku hiyo wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa mahari ya binti yangu.

Tukafika kibanda cha juu kabisa, na mlima ukatufungia. Ukungu, theluji, upepo wa kutikisa mabati. Kila asubuhi alichungulia nje, akarudi akisema, "Kesho patafunguka, kiongozi. Tungoje." Tukangoja, magoti kwa magoti, tukinywa chai isiyo na sukari kwa sababu sukari ni uzito. Njia ya kushuka ilipitika kwa taabu, lakini kumwacha peke yake sikuweza. Kiongozi anayemwacha mgeni wake juu haongozi tena. Simu haikushika mtandao. Katika msafara ningemtuma mpagazi ashuke na habari. Kwa wepesi wake hakukuwa na wa kutumwa. Nilimchukia mtu yule, nasema kweli. Hata namna alivyokunja soksi zake ilinikera.

Kumwambia nisingeweza. Kwetu, mwanamume halali na mkewe kabla ya kupanda, na akiwa karibu na theluji hataji ndoa wala mahari. Mwenye mlima ana wivu, atakuzuia. Baba yangu, aliyebeba mizigo ya wageni kabla yangu, alinifundisha hivyo na sikuwahi kuvunja. Lakini Ijumaa ilipofika nilijiuliza: tumeshazuiwa, sasa atanizuia na nini tena?

"Musee," nikasema, "kesho batu banaleta mbuzi ya mutoto yangu. Bila mimi hakuna mutu ya kuipokea."

Aliacha kukunja kamba. "Binti yako anaolewa? Mbona hukusema?"

"Huku haisemwagi."

Akaiweka kamba chini. "Kiongozi, umeniacha nikufungie humu siku zote hizi." Kisha akaanza kufungasha mfuko wake wa kulalia.

Tulishuka tumefungana kwa kamba yake moja, tukianguka na kuinuana. Jumamosi mchana, tukiwa tayari kwenye msitu, ukungu ukaondoka na kilele kikaonekana chote, cheupe. Alikitazama, akageuka, akaendelea kushuka. Hapo nikamsamehe.

Nilifika Bwera Jumapili, kwa bodaboda kutoka Kasese, tope limenikaukia magotini. Nilitegemea kukuta uwanja mtupu na aibu yangu. Wakwe walikuwepo bado, wamelala kwa majirani, wamenuna. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye migomba, wamemaliza kila jani walilolifikia. Hakuna aliyethubutu kuwafungua, kwa kuwa kamba ya kwanza hufunguliwa na baba. Na mpaka ifunguliwe, bibi harusi hatoki chumba cha ndani.

Nikaifungua. Shangazi zake wakasogeza pazia, binti yangu akatoka, macho yamevimba. Nikaanza kumweleza habari za kibanda, za ukungu, za kukaa ndani nikingoja mtu mwingine aamue lini nitatoka.

"Najua, Baba," akasema. "Mimi pia nilikuwa mule mu chumba, nangojea weye."