Barakoa Isiyogusa Ndevu

Mimi hukoroma, tena si kwa ustaarabu. Majirani wetu wa Mpumudde walikuwa wakituuliza kama tumenunua mashine ya kusaga mahindi. Mke wangu peke yake ndiye aliyenitetea. Wakati wa vita, wanaume walipokuwa wakichukuliwa majumbani, mkoromo huo ndio uliompa usingizi: akiusikia, anajua nipo.

Amani ilipokuja, nikanenepa, na pumzi ikaanza kukatika nikiwa nimelala. Mchana nasinzia dukani Jinja, mkasi mkononi, kitambaa cha mteja kimekatwa nusu. Daktari mmoja wa Mbale akanipa mashine ya kusukuma hewa, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Nilifurahi mpaka nilipoivaa. Hewa ilitorokea kwenye ndevu, ikapiga mluzi kama birika, nikaamka macho yamekauka.

Nikairudisha Mbale. Fundi wa mashine, mwanajeshi mstaafu, alikaza mikanda mpaka masikio yakaniuma. Mluzi ukabaki palepale.

“Mzee, hii ndevu iko na shida,” akasema. “Nyoa tu.”

Hasira zikanipanda. Maneno hayohayo niliambiwa na askari wakati wa vita, kwenye kizuizi cha barabarani pale Busiu, kisha akaninyoa mwenyewe kwa kigae cha chupa, abiria wote wakitazama. Nilifika nyumbani kidevu kinavuja damu, nikaapa kwamba wembe hautagusa ndevu zangu tena. Sasa nichague kiapo au pumzi?

Mwishowe nikamsimulia fundi kisa hicho. Hakunipa pole. Aliingia stoo, akakawia, akatoka na barakoa ndogo ajabu: vimirija viwili laini vya kukaa kwenye matundu ya pua, basi.

“Jaribu hii, afande,” akasema. Miaka yote mimi ndiye niliyewaita watu kama yeye hivyo.

Usiku ule nililala fofofo. Asubuhi niliamka mwepesi, nina hamu ya chai, nikataka kuinuka nikashindwa. Mke wangu alikuwa macho, macho mekundu, mkono wake umezishika ndevu zangu.

“Mbona umenishika ndevu?” nikamuuliza.

“Wewe ulinyamaza sana,” akasema. “Nimeshika hizi mpaka asubuhi, nijue uko.”