Kumpima Mama Nyumbani Kwake

Ninafundisha utangulizi wa saikolojia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Likasi, kusini mwa Kongo. Sikuingia katika somo hili kwa wito. Nilitaka kusomea udaktari, nafasi zikawa zimejaa, na karani aliyekuwa akiandikisha wanafunzi akaniambia kwamba saikolojia nayo ni udaktari, ila mgonjwa wake haonyeshi mahali panapouma. Nilicheka, nikaandikishwa. Leo nina mvi juu ya masikio na sijajuta.

Kipindi cha kwanza cha mwaka huwa nakianzia dirishani. Chumba chetu kinatazama barabara inayopanda kuelekea mtaa wa Panda, na hapakosi mtu anayefanya jambo la kuelezwa. Mwaka huu alipita mwanamke aliyefungua mwavuli, ilhali hapakuwa na mvua wala jua la kutisha. Nikawauliza wanafunzi: kwa nini?

“Madame, anaficha sura,” alisema kijana mmoja wa nyuma. “Ameona buko wake mbele!”

Darasa zima liliangua kicheko, maana hakuna asiyejua kwamba kwetu mtu hakutani na mkwe wake njiani ovyo ovyo. Nikaliacha jibu lake ubaoni, kisha nikaongeza mengine. Mtaalamu anayechunguza matendo atasema kwamba mwanamke huyu aliwahi kunyeshewa, akajifunza. Anayefukua utoto atauliza mwavuli unamkinga na nini hasa. Anayechunguza fikra atataka kujua aliyasomaje mawingu. Mwingine atauliza anajiona kuwa nani anapoushika, na mwingine atatazama ngozi yake na damu yake. Mitazamo ilijaa ubao mzima, na wakati huo mwanamke alikuwa amekwisha kupotea kwenye kona.

“Sasa tumebaki na kazi ngumu,” niliwaambia. “Kumjua kwa kweli. Tunaweza kumtazama, kumuuliza, au kumjaribu. Kila njia ina namna yake ya kutudanganya.”

Nilisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayerudia somo la kila mwaka. Majuma machache baadaye nilitakiwa kulitumia kwa mama yangu mzazi.

Mama ni mjane. Anaishi mtaa wa Kikula, katika nyumba ambayo baba aliijenga alipostaafu kazi ya kiwandani. Kaka yangu mkubwa, ambaye kama kawaida ya kwetu namwita yaya, anaishi Lubumbashi. Ni mtu mwema na mwenye haraka. Alikuwa amemtengenezea mama chumba katika nyumba yake mpya, chenye vigae sakafuni na dirisha linalotazama bustani, ndani ya ukuta mrefu. Mama alikuwa amekikataa chumba hicho kwa heshima kila mara alipotajiwa. Kisha Jumapili moja yaya alifika bila taarifa akakuta sufuria imeungua, moshi umejaa jikoni, na mama yuko barazani akiimba wimbo wa kwaya. Mimi nilifika wakati wanapepea moshi.

Yaya aliketi mbele yake, akamtazama kama daktari.

“Mama, uko na batoto ngapi?”

Mama hakuinua macho kutoka kwenye viazi vitamu alivyokuwa akimenya. “Beko,” alisema, yaani wapo.

“Beko ngapi?”

“Mungu anabajua.”

“Mama, mi nakuuliza weye. Siulize Mungu.”

“Basi muulize Yeye, njo eko na nafasi. Mi niko na kazi.”

Nilicheka, yaya hakucheka. Nilipomsindikiza hadi kwenye gari aliniambia kwa sauti ya chini, na nikaona macho yake yamelowa: “Umeona? Hata batoto yake hajue tena. Weye njo unasomaka mambo ya kichwa. Umupime. Kama iko mubaya, mbele ya mvua ianze namupeleka kwangu.”

Niliporudi ndani, mama, ambaye masikio yake hayajawahi kuzeeka, aliniuliza bila kugeuka: “Mu ile nyumba ya ukuta murefu nitasalimia nani? Ukuta?”

Basi nikawa nimejua kila mmoja anataka nini. Yaya alitaka mama awe salama, mama alitaka kubaki kwake, na kati yao kulikuwa na kipimo ambacho ningekifanya mimi.

Nilikiandaa kwa uangalifu. Kitabu cha Kifaransa tunachotumia kina orodha ya maneno ya kusomewa mtu ili ayarudie baada ya muda mfupi, na yamo mambo kama theluji na fidla. Niliyaondoa, nikaweka samaki, jembe, kitenge, chumvi, mlango na mengine ya aina hiyo. Nilijisifu kidogo moyoni kwa hekima hiyo. Nikaongeza maswali ya kawaida kuhusu siku, mwezi, mahali na familia. Nikamkalisha mama uani asubuhi, penye kivuli cha nyumba.

Sikuwa nimemhesabu jirani. Ni mjane pia, wanaimba pamoja kanisani, na nyua zao zimetenganishwa na ua mfupi wa maua tu. Aliponiona nimekaa mbele ya mama na karatasi, alivuka akaleta kigoda chake, akakaa ubavuni mwa mama. Nilimweleza kwa adabu kwamba jaribio linahitaji mama awe peke yake.

“Peke yake juu ya nini?” aliuliza. “Amekosa nini?”

Kwetu mtu anayeulizwa maswali haachwi peke yake, kama vile mgonjwa haachwi peke yake. Nikasoma maneno. Muda ulipofika, mama alirudia samaki, chumvi na kitenge, akakwama. Jirani alikohoa, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

“Mulango,” alisema mama kwa ushindi.

“Mama mukubwa, usimusaidie,” nilimwomba jirani.

“Mi nimekohoa tu. Kifua.”

Nikaendelea. “Mama, leo ni siku gani?”

Mama alinitazama kwa huruma. “Weye haujue? Na banakuachaka ufundishe batoto ya bantu?”

Nilipofika kwenye swali la watoto, wote wawili waliacha kucheka. Jirani alitazama chini. Mama alisugua goti lake, kisha akataja idadi moja kwa haraka, kama anayefukuza kuku. Idadi hiyo haikulingana na sisi tulio hai, wala na wote aliowazaa. (Idadi yenyewe sitaiandika hapa, na msomaji wa kwetu huenda amekwisha kujua kwa nini.) Nilikunja karatasi, nikasema asante, na kwa siku kadhaa sikumpigia yaya simu. Nilikuwa na matokeo, na matokeo yalisema mama aondoke.

Ukweli ulinijia darasani, nikiwa nimesimama mbele ya watu. Ilikuwa zamu ya mahojiano. Huwa nawaacha wanafunzi wanihoji mimi kwanza, ili waone aibu ya kuuliza kabla hawajaenda kwa watu wengine. Msichana mmoja wa safu ya mbele, mwenye sauti nzuri ya kikarani, alianza: kazi yangu, kanisa langu, mtaa wangu. Kisha akauliza: “Madame, uko na batoto ngapi?”

“Beko,” nilijibu.

Alingoja, kalamu juu. “Ngapi, Madame?”

Nami, mwenye shahada, nikajikuta natazama dirishani. Sikuisahau idadi, nawajua wanangu, nimewabeba. Lakini sijawahi kuwahesabu kwa sauti. Mama yangu hakunifundisha hivyo kwa maneno. Alinifundisha kwa kunipiga kofi jepesi mdomoni siku nilipowahesabu vifaranga na wadogo zangu pamoja uani. Watoto hutajwa mmoja mmoja, au husemwa kwamba wapo. Anayewafanya kuwa idadi ni kama anayewanyooshea kidole mbele ya balaa ambalo halijawaona bado. Mtu akibanwa sana, husema idadi ya uongo, na yule anayesikiliza pembeni hatazami usoni.

Kijana wa nyuma alisema: “Madame naye ameshindwa mtihani!” Wakacheka, nami nikacheka nao kwa furaha ambayo hawakuijua sababu yake. Kisha nikawapa somo ambalo halikuwa kwenye mpango wa siku hiyo. Niliwaambia kwamba kipimo kinaweza kutoa jibu lilelile kila kinapotumika na bado kikawa kinapima kitu kingine. Sisi tulidhani tunapima kumbukumbu ya mama mmoja, kumbe tulikuwa tunapima malezi yake. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba yaya na mimi tulilelewa katika malezi hayohayo. Ilitosha karatasi moja kutokea kati yetu na mama, tukawa wageni kwake.

Jumamosi nilikwenda Kikula bila maswali. Samaki wa Kapolowe walikuwa wameletwa asubuhi, nikaketi na mama kuwapasua. Nilisema tu, kama anayejisemea: “Yaya anasema alizaliwa siku ya jua kali.”

“Uongo!” Kisu kilisimama hewani. “Mvua ilikuwa inanyesha hata paa ya maternité ilikuwa inavuja. Baba yenu alikuya na gumbuti ya kazi, bakamukataza kuingia nayo.”

Akaanza. Hakusimama hadi samaki walipokwisha. Alimtaja kila mmoja wetu, aliyetutangulia na aliyetufuata, walio hai na ambao waliishi siku chache tu. Nani alitoka miguu kwanza, nani alikataa kunyonya, ni shangazi yupi aliyeleta uji na yupi aliyekuja kula huo uji. Nilikuwa sijui nusu ya habari hizo. Sikuandika neno.

Lakini nilikuwa nimekuja kutazama, na anayetazama hachagui anachokiona. Siku hiyo hiyo mama alitia chumvi kwenye mchuzi mara mbili. Aliniuliza kama nimekula, nikajibu, akaniuliza tena. Aliondoka jikoni akaacha mbabula, jiko la mkaa, imewaka karibu na kitambaa, na kabla sijanyanyuka sauti ya jirani ilivuka ua: “Mama, moto yako!” Mama akarudi, akausogeza, akajibu kwa tusi la kirafiki. Baadaye alipita mwanakwaya mwingine kumkumbusha mazoezi. Baadaye tena alipita muuza mkaa, ambaye humwita kambo, yaani bibi, akasema, “Kambo, siku ya mkaa haiko leo, nitakuya kesho,” kabla mama hajafungua mdomo.

Mama alikuwa anasahau. Yaya hakukosea katika hilo. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu yake ilikuwa imehifadhiwa nje ya kichwa chake, katika vinywa vya watu waliomzunguka, na kila siku walimrudishia. Ndani ya ukuta wa Lubumbashi angepewa vigae na bustani, na angesahau haraka zaidi.

Yaya alikuja Jumapili iliyofuata. Tulikula kwanza. Kisha nikamweleza yote, pamoja na chumvi na mbabula, maana sikutaka kumshinda kwa kumficha. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

“Donc unasahau, mama,” alisema mwishoni.

“Nasahau, ndiyo. Na weye ulisahau kuya Noeli. Nani alikupima?”

Yaya alifunga mdomo kwa shida asicheke. “Na batoto je? Nilikuuliza batoto, haukujibu.”

Nikaingilia. “Yaya, na weye uko na batoto ngapi?”

“Mi niko na…” Alikwama. Midomo yake ilifunguka na kujifunga. Alimtazama mama, mama akatazama miguu yake mwenyewe kwa adabu kubwa. “Beko,” alisema yaya polepole. “Beko tu.” Kisha akajifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, nasi tukamfuata.

Alipotulia aliuliza swali ambalo hadi leo naliheshimu: “Na siku ile jirani atahama, ao atatangulia mama kufa?” Tulikubaliana mambo ya kawaida. Mbabula haitawashwa tena ndani. Binti yangu mkubwa atalala kwa mama. Yaya atapiga simu kila jioni, na kila baada ya masika tutakaa tena na kutazama upya. Najua kwamba siku moja tutatazama na jibu litakuwa jingine. Siku hiyo ilikuwa haijafika.

“Utabakia pa nyumba yako, mama,” alisema yaya.

Mama aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akavaa viatu vya kanisani, akatoka. Tulimsikia akianza kwa jirani: “Siendi! Mwana amekubali, siendi!” kisha vigelegele, kisha sauti yake ikahamia kwenye ua uliofuata, na uliokuwa ng’ambo ya barabara, akirudia habari ileile kwa kila mtu kana kwamba ni mpya. Bukari iliyobaki, ugali wetu, ilipoa mezani. Yaya alivua viatu vyake, akanyoosha miguu, akasema huenda atalala hapa leo.